Mheshimiwa Saa Saba na Tanuri la Mkewe

Yeye aliolewa na fundi baiskeli, na jambo hilo hakuliacha lisahaulike. Sokoni walipomwita Mama Mheshimiwa aliitika, lakini aliongeza palepale kwamba uheshimiwa ulimkuta ndani ya ndoa. Kijana aliyemkubali mbele ya wazazi alikuwa na grisi chini ya kucha na pampu mkononi, na hiyo pampu yenyewe ilikuwa ya kuazima. Kazi ya mke ilikuwa mikate. Alioka kila asubuhi, akapeleka hospitali, shule za bweni na maduka ya mtaani, na kwa mikate hiyo watoto wao walisoma mpaka wakamaliza. Mshahara wa mbunge, alipenda kueleza, haukai. Unaingia kwa mlango wa mbele, unakuta foleni ya wenye misiba, wenye harusi na wenye karo, unatokea mlango wa nyuma hata maji haujanywa.

Siasa ilimjia mumewe kwa njia ya breki. Enzi za ujana alikuwa na kibanda chake kando ya uwanja wa wazi, nyasi tupu zinazoteremka hadi mtoni, na huko ndiko alikojaribia baiskeli alizotengeneza: anapanda, anaiachia mteremkoni, akifika chini mzima basi breki zimepona. Siku moja akasikia halmashauri inataka kuugawa uwanja kwa watu wachache wenye vyeo. Mtu mwingine angeguna tu akaendelea na kazi. Yeye alikwenda kikaoni na ovaroli yake, akanyoosha mkono, akauliza swali moja: wakishaugawa, yeye breki atazijaribia wapi? Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akapoteza ajenda. Kikao kikaahirishwa, uwanja ukapona, na watu wakaanza kusema huyu fundi ana maneno. Uchaguzi uliofuata akawa diwani, na uliofuata huo akaenda bungeni na suti iliyombana kwapani.

Huko walimtupa kwenye Kamati ya Ardhi na Mazingira. Neno ni hilohilo, walimtupa. Wenye ndugu wakubwa waligombania fedha, barabara na ulinzi. Ardhi na mazingira ilikuwa ya wageni, wagonjwa na waliomuudhi Spika. Yeye hakujua kwamba ametupwa. Alirudi nyumbani na mafurushi ya makaratasi akayasoma kwa sauti mezani: misitu, chemchemi, viwanja vya umma, fungu la miche, fungu la mabuti ya walinzi wa misitu. Mkewe alikuwa akijifunza bila kutaka huku akipaka mafuta mikebe ya mikate.

Lakini hoja zake zilianguka zote. Alizitoa asubuhi, wabunge wakiwa wametoka kunywa chai, na mtu aliyeshiba hupenda kubisha. Walimuuliza maswali, wakaongeza maswali juu ya maswali, kisha wakazikataa. Jioni moja alirudi akajitupa kitini bila kulegeza tai, akasema anaacha, arudi kwenye minyororo na matairi yake.

"Baba Watoto," mkewe akamwambia, "mimi nikitaka kitu kwako huwa nakuomba saa ngapi?"

"Saa yoyote tu."

"Fikiri vizuri. Hilo kochi ulilolikalia, ulilikubali lini?"

Alifikiri. Kochi alilikubali chungu kikiwa motoni. Cherehani aliikubali chungu kikiwa motoni. Mama mkwe kuja kukaa nao mpaka apone mguu, hilo alilikubali ameshika sahani tupu na harufu ya kitunguu inatoka jikoni, na mguu wenyewe ulichukua miaka kupona. Akainua uso akamtazama mkewe kama mtu aliyegundua aliyekuwa anamwibia kuku.

"Kumbe!"

"Kumbe nini? Umepungukiwa na nini humu ndani?"

Alinuna kidogo, kwa ajili ya heshima, kisha akaenda kuijaribu. Bunge lao lilikuwa likiahirishwa saa saba mchana kwa ajili ya chakula. Ilipokaribia saa hiyo, matumbo yananguruma na harufu ya mkahawa inapenya chini ya mlango, alisimama na hoja yake ya kuulinda msitu wa mlimani. Aliisoma polepole. Aliisoma kwa utulivu wa mtu asiye na pa kwenda, akarudi nyuma kusahihisha nukta, akaomba radhi, akaanza aya upya. Aliyetaka kubisha alizomewa na wenzake. "Mpeni! Mpeni msitu wake twende!" Spika hakumaliza hata kuuliza wanaoafiki, ndiyo ilikuwa imeshaitikiwa na nusu ya ukumbi imeshasimama.

Usicheke. Nchi nyingi zimetungiwa sheria kwa sababu mbaya kuliko njaa. Tangu siku hiyo aliitwa Mheshimiwa Saa Saba, na kila alichokitaka alikipata wenzake wakiangalia ukutani penye saa. Chemchemi zikawekewa uzio. Viwanja vya michezo vya miji midogo vikaandikishwa kuwa mali ya umma, visiuzwe hata kwa mjomba wa nani. Walinzi wa misitu wakapata mabuti, kisha makoti, kisha pikipiki. Mawaziri waliokuwa wakimpita kwenye korido bila salamu wakaanza kumshika mkono na kumuulizia afya, maana fungu lolote la mazingira lisilopita kwake lilianguka asubuhi mapema. Akawa mwenyekiti wa kamati, akachaguliwa tena na tena. Akaanza kupenda vibao. Kila penye ardhi iliyookolewa kulisimama kibao cha ARDHI YA UMMA, USIJENGE, na njiani alimwambia dereva apunguze mwendo akisome, ingawa maneno aliyaandika mwenyewe.

Na waliojenga waliondolewa. Kinyozi mmoja aliyepachika kibanda chake kwenye kiwanja cha umma alikuja kulia nyumbani, juu ya kochi lilelile. Mheshimiwa alimsikiliza hadi mwisho, akampa leso, akamwambia sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mama alimfungia mkate wa kwenda nao. Alimwonea huruma, ndiyo, ila ilikuwa huruma ya mtu ambaye nyumba yake iko salama.

Sasa tuje kwenye tanuri. Miaka yote hiyo mama wa mikate aliokea kwenye tanuri la bati uani, chini ya kibanda kilichovuja. Mvua ikinyesha alioka na mwavuli. Alitaka jiko la kweli nyuma ya nyumba, upande unaoelekea mtoni, lenye tanuri la matofali, na kila mwaka mumewe alimwambia mwakani. Asubuhi moja uvumilivu ukamwishia. Alimwambia kwamba anawashughulikia wananchi wote wa nchi hii isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye anayemfulia. Maneno yakapandana. Mheshimiwa akasusa chai, akasusa na mkate, akabamiza mlango akaondoka na tumbo tupu. Ilikuwa siku ya muswada wa kingo za mito.

Muswada wenyewe ulikuwa mwepesi: mtu asijenge, asilime wala asichimbe ndani ya mita thelathini kutoka kwenye maji. Alisimama saa yake ileile. Lakini upande wa pili alikaa mbunge mmoja mzee, mnene na mpole, mtu wa kutoka nyanda kavu, ambaye kwa miaka alikuwa anamsoma tu. Siku hiyo alikuja na karanga mfukoni. Akasimama, akasema kwao mito haina maji nusu ya mwaka, sasa mpimaji atapimia wapi, kwenye vumbi? Ipimwe kuanzia pale maji yalipowahi kufika siku mto ulipofura kuliko siku zote. Akatafuna karanga, akaanza kueleza upya kwa mifano.

Saa saba ikapita. Mzee akatoa mfano mwingine. Mheshimiwa, aliyezoea kushinda kwa njaa za wenzake, safari hii aliwekwa kitako na ya kwake. Macho yalimzunguka, jasho jembamba likamtoka, na kila karanga iliyopasuka aliisikia hadi tumboni. "Nakubali!" akasema mwishowe. "Andikeni anavyotaka. Nakubali!" Mzee wa nyanda kavu akamshukuru kwa unyenyekevu, akakaa.

Akafika nyumbani bado hajatia kitu mdomoni. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake chungu kinachemka.

"Na jiko langu je?"

"Jenga," akasema. "Jenga hata kesho. Nipishe nile."

Basi siku moja, kwa tumbo moja, mtu alitunga sheria na akaruhusu ivunjwe, na hakuna aliyelijua hilo, hata yeye mwenyewe.

Jiko likajengwa. Lilikuwa zuri, tuseme ukweli: sakafu ya saruji, sinki, meza ndefu ya kukandia, na tanuri la matofali lenye mdomo mpana unaomeza mikebe safu kwa safu. Mama alilipenda kuliko alivyopenda kukiri. Asubuhi alilipapasa ukuta kabla ya kuwasha kuni, na wateja wapya wakaja mpaka akaajiri wanawake wawili wa kumsaidia. Sheria nayo ikalala, maana hakukuwa na fedha za kuweka vigingi, na mpaka usio na kigingi ni maneno matupu. Ikalala miaka. Mpaka Mheshimiwa, katika awamu aliyoapa kwamba ni ya mwisho, alipoamua kustaafu kwa kishindo. Akalipigania fungu la vigingi vya mito, akalipata dakika chache kabla ya chakula kama kawaida yake, kisha akatangaza redioni kwamba kazi itaanzia jimboni kwake, mtaani kwake, ili aonyeshe mfano.

Mpimaji alikuwa binti mwenye kofia pana na chombo cha miguu mitatu. Alianzia kwenye nguzo ya daraja la zamani, ambako alama ya mafuriko makubwa ilibaki kwenye zege na kila mtu mjini aliijua. Akapanda nayo mteremko. Akapita katikati ya karakana ya fundi seremala, jirani yao, akamwachia nusu ya karakana upande huu na nusu upande ule. Kisha akagonga mlango wa jiko.

"Hodi humu. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Samahani mama, naomba nisogeze gunia la unga. Nataka kuona sakafu."

Alilisogeza, akachungulia kwenye chombo, akarudi nyuma, akachungulia tena, kisha akainama na chaki akachora msalaba sakafuni, kati ya meza ya kukandia na tanuri.

"Hiyo nini?"

"Kigingi mama. Yaani kitakaa hapo. Kuanzia hapo kwenda kule ni hifadhi."

Mama alilitazama tanuri lake, lililokuwa upande wa kule. Akautazama mto dirishani, mbali chini huko, umejilalia hauna habari na mtu. "Mto unataka tanuri langu?"

"Mto hautaki kitu, mama. Ni sheria. Ile ya Mheshimiwa," binti akasema kwa adabu, akidhani anamfariji.

"Mheshimiwa!" Mama aliita kwa sauti iliyomtoa mumewe bafuni na povu sikioni. Kwa kawaida alimwita Baba Watoto. Cheo alimpa siku ya makosa tu. Mheshimiwa akaja na kandambili, akauona msalaba, akapiga magoti akaupima kwa shubiri kana kwamba shubiri zake zitautisha. Akamwomba binti apime upya. Binti akapima upya, kwa uangalifu zaidi, na msalaba ukasogea mbele kidogo ukachukua na sinki.

"Labda mara ya tatu," Mheshimiwa akaanza.

"Asithubutu!" mkewe akasema. "Akipima tena atafika kitandani."

Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa na habari. Yule kinyozi alipita mbele ya nyumba akipiga mluzi, akageuka, akapita tena, asije akawa hakusikika. Mkuki kwa nguruwe, watu wakasema dukani, na wakamwachia kila mtu amalizie mwenyewe. Fundi seremala yeye hakucheka. Karakana aliijenga marehemu baba yake, zamani sana, kabla ya sheria wala mbunge. Alikaa barazani kwa mama, kofia mapajani, akauliza mbao zake azihamishie wapi. Mama alikuwa anafikiria hospitali itakula nini, na wale wanawake wawili watamwambia nini.

Siku iliyofuata alifika Bwana Mchanga, tajiri wa malori, na gari jeupe na huruma nyingi. Alimwita mama shemeji, ingawa hakuna aliyejua undugu huo ulianzia wapi.

"Sote tunaumia, Mheshimiwa," akasema. "Na dawa ni ndogo, kifungu kimoja tu. Rudisha kipimo kwenye maji kama ulivyokusudia mwenyewe mwanzoni. Jiko la shemeji linapona, karakana ya jirani inapona."

"Na wewe unapona nini?" mama akauliza.

"Mimi? Mimi nitaokota riziki yangu pembeni tu."

Pembeni yenyewe kila mtu aliijua. Kati ya mpaka wa maji na mpaka wa mafuriko palilala mchanga wa mto mzima, mweupe, mwingi, na malori yake yalikuwa yameshaegeshwa barabarani yakisubiri. Kwenye mto wa pili, ambako mpaka haujapimwa, yalikuwa yameshachimba mashimo ambamo ng'ombe walizama na daraja likaanza kuinama.

Bwana Mchanga alipoondoka, mama aliweka chungu motoni. Mumewe akaiona njama waziwazi.

"Unaniwinda, Mama Watoto."

"Nakuwinda. Kaa chini."

"Malori yake yatashuka mpaka majini."

"Mimi sikuolewa na mto. Nimekuunga mkono tangu enzi za breki, nimelisha wapiga kura wako, nimempokea kinyozi na machozi yake. Sijawahi kukuomba kitu cha serikali hata siku moja. Leo naomba. Tanuri langu."

Mumewe akavuta kiti akakaa. Kitunguu kikaanza kunukia. "Haya," akasema, akiinamia meza. "Nitaipeleka hoja."

Alimpakulia chakula kingi, na moyo wake ulimsuta alipokuwa anapakua, akauambia moyo unyamaze.

Siku ya hoja alivaa gauni lake la harusi za watu, akajifunga kitambaa kizuri kichwani, akaenda bungeni bila kumwambia mtu. Ajabu ni kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga humo. Kila siku kulikuwa na mikate. Askari wa Bunge, mwanamke mtu mzima mwenye kirungu, alimwelekeza juu kwenye jukwaa la wageni akamsomea masharti: hakuna kuongea, kupiga makofi wala kula. Alikaa mbele kabisa. Nyuma yake alikuwa Bwana Mchanga na mwanasheria wake. "Shemeji!" akanong'ona, amejaa furaha.

Na chini kule alikuwepo fundi baiskeli wake. Mama alishtuka alivyokuwa mdogo kutoka juu, kipara kinang'aa, amekaa wima na mikono mapajani kama mtoto aliyeambiwa asichafuke. Saa ya ukutani ikasogea. Wabunge wakaanza kupanga karatasi zao, kukohoa, kutazama mlango. Akasimama. Mnong'ono wa uchovu ukapita ukumbini: Saa Saba huyo. Akatia mkono mfuko wa kulia wa koti, akashika kitu, kisha macho yake yakapanda juu, yakapita kwa wageni, yakasimama. Akautoa mkono ukiwa mtupu. Akautia mfuko wa kushoto.

"Mheshimiwa Spika," akasoma, "naomba kutoa hoja kwamba kifungu kidogo cha tatu kifutwe na badala yake kiingizwe kifungu kidogo kipya, kitakachosomeka sambamba na fungu husika la bajeti ya mazingira, kwa kuzingatia tarehe ya kuanza kutumika kwa sheria mama..."

Mama hakuelewa hata chembe, na wala hakuona ajabu. Alidhani ndivyo tanuri linavyookolewa. Aliona tu jinsi mumewe anavyosoma, polepole, bila kutetemeka, na ukumbi wote unavyomngoja yeye, fundi wake, aliyekuja na suti iliyombana. Fahari ikampanda. "Wanaoafiki waseme ndiyo," Spika akasema, tayari amenyanyuka nusu.

"Ndiyooo!" wakapiga kelele wote, na mama akapiga nao, kwa nguvu zote, akiwa amesimama.

Ukumbi ukageuka ukamtazama. Askari akamshika kiwiko. "Mama, wageni hawapigi kura," akamwambia, na akamtoa nje taratibu. Mlangoni alipitwa na Bwana Mchanga, aliyetoka mbiombio huku mwanasheria anamnong'oneza sikioni, na uso wake umekuwa rangi ya jivu. Safari hii hakusema shemeji.

Alimngoja mumewe kwenye ngazi. Alikuja mbio, peke yake, wenzake wote wakiwa wameelekea mkahawani.

"Imepita!" mama akasema.

"Imepita."

"Tanuri limepona!"

Mheshimiwa akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akamweleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Mpaka haukusogea. Waliojenga kabla ya sheria, kama fundi seremala, watalipwa kutoka fungu la mazingira na kupewa mahali pengine. Waliojenga baada ya sheria, awe nani, watabomoa bila fidia.

"Sisi tulijenga lini?"

"Baada. Kama miezi mitatu hivi."

"Kwa hiyo nimepiga kelele za ndiyo..."

"Ulisikika sana," akasema mumewe.

Mama akakaa kwenye ngazi na gauni lake la harusi. "Huko kulia kulikuwa na nini?"

"Ya jiko."

"Ukaniona nimekaa pale, unajua nimefuata nini, na bado ukaiacha?"

"Nilikuwa nimeshaishika," akasema. "Usingekuja ningeitoa, Mama Watoto. Haki ya Mungu ningeitoa. Miaka yote nimefanya kazi humu hujawahi kuniona. Nikakuona umekaa na kitambaa chako kile, unanitazama mimi tu. Nikashindwa kuiba mbele yako."

Alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia pia, na hasira zilizidi, halafu zikapungua, halafu zikazidi tena, na watu wakawa wanapita wakisalimia Mheshimiwa, Mheshimiwa. Alilia mpaka akamaliza. Kisha akamwambia amshike mkono ainuke, na kwamba tanuri lijalo atalijenga yeye, kwa mikono yake, hata kama litapinda.

"Sijui kujenga tanuri."

"Utajua."

Siku ya kubomoa, mtaa wote ulikuja kutazama, na kinyozi alifika mapema akachukua mahali pazuri. Vijana wa halmashauri walikuja na nyundo wakakuta tanuri linawaka. Hospitali ilikuwa na oda, mama akawaambia, na wagonjwa hawakutunga sheria. Wasubiri. Basi wakasubiri, wamekaa ukutani na nyundo mapajani, na bwana mkubwa wa halmashauri akatazama saa yake, kisha akaketi nao, maana harufu ilikuwa imeshamfikia. Mikate ilipotoka aliwapa, akampa na kinyozi, ambaye aliupokea kwa mikono miwili akasahau alichokuja kucheka. Mzigo wa hospitali ukaondoka. Jiko likabaki kimya.

Mama aliupapasa ukuta wa tanuri, akarudisha mkono haraka.

"Haya," akasema. "Ila msivunjevunje. Toeni moja moja, matofali nayataka."

Vijana wakasita, maana tanuri lilikuwa bado la moto, na wakashauri warudi kesho. Mheshimiwa akavua koti. Akaingia mwenyewe, akatikisa tofali la juu mdomoni mwa tanuri mpaka likalegea, akalitoa. Lilimuunguza. Mkewe alimwona linavyomuunguza, akamwambia alitupe chini, lakini yeye alitoka nalo hivyohivyo, amelikumbatia kifuani, akalipeleka mpaka mbele ya nyumba, akaliweka chini polepole, akarudi kuchukua jingine.